Namba 2147483647: hotuba ya siku ya hesabu, Kisumu

Hii ndio hotuba niliyotoa Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa moja hapa Kondele, siku ya hesabu. Walimu kadhaa wameniomba niiandike, basi nimeiandika karibu vile niliisema, na zile hesabu tulifanya ubaoni nimeziacha ndani.

Bwana asifiwe. Walimu wenzangu, wazazi wetu, akina mama wa chama kutoka Kibuye ambao mmefunga biashara Jumamosi ndio mlete watoto, Mungu awabariki sana. Na nyinyi vijana, karibuni mbele, hizi viti za mbele hazina mwenyewe.

Nimepewa muda niongee juu ya hesabu na nimeamua sitaongea juu ya hesabu yote, nitaongea juu ya namba moja tu. Iko hapa ubaoni, 2147483647. Tuisome pamoja: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiiangalia hivi hivi inakaa tu kama namba ya simu ya mtu wa nchi ingine, si ndio? Lakini hii namba mimi naipenda kwa moyo wote, na nataka mkitoka hapa mjue kwa nini.

Wacha nianze na akina mama. Tuseme chama imekubaliana kila mtu aweke pesa mwezi wote wa Julai, tarehe moja unaweka shilingi 1, tarehe mbili unaweka 2, tarehe tatu unaweka 4, tarehe nne 8, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 10 unaweka 512, hiyo bado mtu wa mboga anaweza. Tarehe 15 ni 16384, hapo watu wameanza kutafutana kwa simu. Tarehe 21 imepita milioni, ni 1048576. Na tarehe 31, siku ya mwisho ya Julai, unatakiwa ulete 1073741824. Sasa jumlisha zote tangu tarehe moja. Jumla ya mwezi ni 2147483647 kamili, hakuna shilingi imezidi wala kupungua.

Angalieni kitu ingine hapo. Jioni ya siku yoyote, yote uliyoweka ukijumlisha ni pungufu ya shilingi moja tu kwa ile ya kesho. 1 na 2 ni 3, kesho ni 4. 1 na 2 na 4 ni 7, kesho ni 8. Kwa hivyo kama chama ingeendelea mpaka tarehe 1 Agosti ungeleta 2147483648, na hiyo ndio 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 31. Namba yetu ni hiyo toa 1. Nitakuwa naandika 2^31 − 1 ndio tusipoteze wakati.

Sasa swali lenyewe. Je hii namba inagawanyika? Yaani kuna namba mbili ndogo ukizidisha zinakupatia hii, ama ni tasa, haigawanyiki na kitu isipokuwa 1 na yenyewe?

Najua vijana wengine hapo nyuma washatoa simu. Rudisheni kidogo, nitawaambia wakati. Anzeni na yale rahisi. Inaishia na 7, kwa hivyo 2 na 5 zimetoka. Jumlisha tarakimu, 2 na 1 na 4 na 7 na 4 na 8 na 3 na 6 na 4 na 7, unapata 46, na 46 haigawanyiki na 3, basi 3 imetoka. Saba inabaki na 1. Kumi na moja inabaki na 1. Sawa, lakini utaenda hivyo mpaka wapi? Hesabu inasema unaweza kusimama ukifika kipeuo cha pili, yaani ile ukizidisha yenyewe kwa yenyewe inakupatia namba yako, juu kama namba ina kigawo kikubwa lazima iwe na kidogo pia cha kukaa nacho, na kipeuo cha pili cha hii yetu ni 46340 na kitu. Na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawanya mara 4,700 kwa mkono, kila moja namba ya tarakimu kumi, ukikosea moja umeharibu kila kitu. Nani atafanya hiyo kazi?

Kuna mtu aliimaliza mwaka 1772, bila mashine. Anaitwa Leonhard Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel lakini wakati huo alikuwa anaishi St Petersburg kule Urusi, na wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa, alikuwa anafikiria kwa kichwa na wasaidizi wanaandika. Alimwandikia barua mmoja wa akina Bernoulli, familia ya wanahesabu, akamwambia 2^31 − 1 ni tasa. Na hakugawanya mara 4,700. Mara 372 zilikuwa zinatosha, na ukichuja hata hizo, chini ya hapo sana. Hii ndio sehemu nataka mnisikilize vizuri maanake nimekuja Jumamosi yote kwa sababu ya hii.

Chukua namba ndogo ya familia hiyo hiyo kwanza. 2^11 − 1 ni 2047. Watu wa zamani walidhani kama kipeo, yaani ile namba ya juu ya kusema 2 inazidishwa mara ngapi, ni tasa, kama hii 11, basi namba pia itakuwa tasa. Si kweli, 2047 ni 23 mara 89. Sasa angalieni hizo mbili, toa moja kwa kila moja. 23 inakuwa 22. 89 inakuwa 88. Mmeona? 22 ni 11 mara 2, 88 ni 11 mara 8. Ile 11 ya kipeo imejificha ndani ya vigawo vyote viwili. Hiyo si bahati. Tulifanya hivi ubaoni: anza na 2, zidisha mara mbili, na kila ikipita 23 toa 23. Inaenda 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Imefika 1 kwa hatua ya 11, na ukiendelea inarudia tu 2, 4, 8 vile vile, inazunguka. Sasa kuna sheria ya Mfaransa mmoja Fermat, ya karne ya kumi na saba, inasema ukiwa na namba tasa kama 23, ukipiga hatua 22 lazima uwe umefika 1, yaani pungufu ya moja kwa ile tasa yako. Basi mzunguko wa 11 lazima uingie ndani ya 22 bila baki. Umeingia mara mbili.

Rudisha hiyo kwa namba yetu. Tuseme kuna tasa fulani, hatuijui, inagawanya 2^31 − 1. Maana yake ukizidisha mara mbili mbili huku ukitoa hiyo tasa, hatua ya 31 unafika 1. Na kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, mzunguko hauwezi kuwa mfupi ya hapo, ni 31 kamili. Basi 31 lazima iingie ndani ya hiyo tasa toa moja. Na hiyo tasa ni witiri, ukitoa moja inakuwa shufwa, kwa hivyo si 31 tu, ni 62. Yaani kigawo chochote cha namba yetu, kama kipo, kiko kwa huu mstari: 63, 125, 187, 249, 311, kuendelea, kila mara unaongeza 62. Zingine zote, 13, 17, 19, 101, maelfu na maelfu, zimetoka hata kabla hujashika kalamu!

Euler akaongeza chujio ya pili, hii nitaipitia haraka, kwamba kigawo kama hicho ukigawanya na 8 lazima kibaki na 1 ama 7. Ukiunganisha hizo mbili unabaki na mistari miwili tu, moja inaanza 249 na ingine 311 (ukiacha 63, ambayo ni 7 mara 9, si tasa), zote zinaruka kwa 248. Kila mstari una namba 186 chini ya 46340, jumla 372. Na nyingi hapo zinajitoa zenyewe, 249 inagawanyika na 3, 497 na 7, 745 na 5, na kama namba si tasa hakuna haja ya kuijaribu. Ya kwanza ya kujaribu kweli kweli ni 311.

Hapo nikaomba mtu aje mbele, na msichana mmoja wa kidato cha pili akaja akachukua chaki akafanya ile ya kugawanya ndefu, akiteremsha tarakimu moja moja, ukumbi wote umenyamaza. Akapata 6905092, baki 35. Tukazidisha kurudi nyuma kuhakikisha, 311 mara 6905092 ni 2147483612, ongeza 35, imekubali. 311 imetoka. Inayofuata ni 1303, mvulana mmoja akaifanya akapata 1648107, baki 226. Imetoka. Halafu 1489. Mnaona vile tunaruka? Kutoka 311 mpaka 1303 kuna tasa zaidi ya mia moja hapo katikati na hatukugusa hata moja, na si kwa uvivu, ni kwa sababu tunajua haziwezi. Huo ndio ufundi wenyewe. Sisi walimu mara nyingi tunawapa watoto kazi ya kugawanya bila kuwaonyesha kwamba kuna njia ya kujua ni kazi gani haihitajiki, halafu tunashangaa wanachukia hesabu.

Kabla ya Euler wakubwa wengine walijaribu. Muitaliano Pietro Cataldi mwaka 1588 alionyesha 2^17 − 1 na 2^19 − 1 ni tasa, hiyo ya pili ni 524287, na alifanya kwa nguvu, kugawanya moja baada ya ingine. Halafu akasema pia 23, 29, 31 na 37 ni hivyo. Ya 31 alisema ukweli, zile zingine tatu hapana. Angalia 37 uone uchungu wake: 2^37 − 1 ni 137438953471, ukitumia hii njia yetu mstari ni 75, 149, 223, sasa 75 si tasa, 149 ukigawanya na 8 inabaki 5 kwa hivyo imekataliwa, na 223 inabaki 7, imekubaliwa. Jaribu 223. Inaingia, mara 616318177, hakuna baki. Ya kwanza kabisa! Fermat aliipata mwaka 1640. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne naye mwaka 1644 akatoa orodha yake mpaka kipeo 257, na hizi namba mpaka leo zinaitwa kwa jina lake, lakini orodha ilikuwa na 67 na 257 ambazo si tasa na ikaacha 61, 89 na 107 ambazo ni tasa. 31 ilikuwa ndani, lakini kusema tu si kuthibitisha.

Turudi kwa chama. Chukua ile ya siku ya mwisho zidisha na jumla yote. Kama mngeweka siku mbili tu, siku ya mwisho ni 2, jumla ni 3, ukizidisha ni 6. Vigawo vya 6 ukiacha yenyewe ni 1, 2, 3, vijumlishe unapata 6 tena. Siku tatu, mwisho 4, jumla 7, ni 28, na 1 na 2 na 4 na 7 na 14 ni 28 tena. Hizo zinaitwa namba timilifu na Wagiriki wa zamani walizipenda sana, Euclid ndiye aliyethibitisha kwamba kila wakati jumla ikiwa tasa hii itafanya kazi. Siku nne haifanyi, juu 15 si tasa. Siku tano inatoa 496. Sasa Julai mzima, 1073741824 mara 2147483647, inatoa 2305843008139952128, namba timilifu ya nane, na tumeipata kwa sababu Euler alituhakikishia.

Mwingereza Peter Barlow mwaka 1811 aliandika kwamba hiyo itakuwa kubwa ya mwisho watu kuwahi kuigundua, maanake hizi namba ni za kustaajabisha tu, hazina kazi, nani atajisumbua. Mwaka 1883 padri wa kijijini kule Urusi, Ivan Pervushin, akaonyesha 2^61 − 1 ni tasa. Padri wa kijiji jamani, si profesa. Huwa namfikiria sana huyo nikiona mtu anasema hesabu ni ya watu wa Nairobi.

Na kazi ikapatikana. Sasa toeni simu. Kompyuta nyingi zimehifadhi namba kwa nafasi 32, kila nafasi ni 0 ama 1, moja wanaiweka ya kuonyesha kama ni chanya ama hasi, zinabaki 31. Jaza zote 31 na 1 unapata nini? Ni ile chama yetu, 1 na 2 na 4 na 8 mpaka mwisho, 2147483647. Ndio namba kubwa kabisa hapo ndani. Mwaka 2014 wimbo wa Gangnam Style ulitazamwa mpaka ukapita hii namba na YouTube ikabidi wabadilishe vile wanahesabu.

Lakini kubwa ni saa. Programu nyingi zinahesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa. Sekunde 2147483647 ni kama miaka 68, na zitaisha tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa yetu hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14, sekunde 7, ile wakati mko kwa stendi mnangoja matatu. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaona namba imegeuka hasi, −2147483648, na itasoma tarehe ya Desemba 13, 1901. Hapa Kisumu hiyo ni kitu gani? Desemba 1901 ndio mwezi reli ilifika Port Florence, ndio huu mji wetu. Mashine itafikiri gari la moshi la kwanza liko njiani! Mashine za kisasa nyingi zimeshapelekwa kwa nafasi 64, zitakaa miaka mabilioni, kazi iko kwa zile za zamani zimefichwa ndani ya mitambo, na nyinyi mlio kidato cha pili mtakuwa kazini hiyo 2038, wengine wenu ndio mtatumwa kuzitafuta.

Mzazi mmoja akauliza, na hiyo ya nafasi 64, mwisho wake nayo ni tasa? Swali nzuri sana. Ni 2^63 − 1, yaani 9223372036854775807, na jibu ni hapana na huhitaji kugawanya. 63 si tasa, ni 3 mara 21. Andika moja sita hivi, 111111, kwa lugha ya kompyuta, hiyo ni 63. Ikate katikati, 111 na 111. Unaona ni 111 imerudiwa mara mbili, kwa hivyo 7 iko ndani, na kweli 63 ni 7 mara 9. Na 2^63 − 1 ni moja 63 zimepangwa hivyo hivyo, unaweza kuzikata tatu tatu mara 21 bila kubaki, basi 7 inaigawanya. Moja 31 huwezi kuzikata sawa kwa ukubwa wowote, ndio maana angalau kipeo lazima kiwe tasa, ingawa kama tulivyoona kwa 11, hiyo peke yake haitoshi.

Siku hizi njia ni nyepesi hata kuliko ya Euler, ilitoka kwa Mfaransa Lucas karne ya kumi na tisa na Lehmer wa Marekani akainyoosha. Anza na 4. Zidisha yenyewe kwa yenyewe, toa 2, gawanya na namba unayojaribu na chukua baki. Kwa 127, ambayo ni 2^7 − 1, inaenda hivi: 4, 14, kisha 194 inabaki 67, kisha 42, kisha 111, kisha 0. Ikifika 0 hatua ya tano, yaani kipeo toa 2, ni tasa. Kwa namba yetu ni hatua 29 tu. Hatua 29! Kwa njia hii hii, Oktoba 2024, mtandao wa watu wa kujitolea unaoitwa GIMPS ulitangaza 2^136279841 − 1, tarakimu zake ni 41,024,320, na ndiyo tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka sasa ninavyoandika.

Nimemaliza, lakini hamuendi mikono mitupu. Cataldi alikosea pia kwa 29. 2^29 − 1 ni 536870911. Tengenezeni mstari wenu, kipeo mara mbili ni 58, ongeza moja, endeleeni kuruka kwa 58, chujeni na 8, toeni zile si tasa, halafu gawanyeni kwa mkono. Kalkuleta ikae kwa begi. Mkichuja vizuri mtagawanya mara chache kuliko mnavyodhani. Walimu wa hesabu watachukua karatasi Jumatatu.